Siku moja kwenye bendiso, Keko

Nikisema nipo kwenye mashine ya kukatia mbao Keko, Dar es Salaam, wengi wanaelewa kwamba nasukuma mbao. Mama mkwe wangu aliwahi kunitafutia kazi ya ulinzi kwa jirani yake, kwa sababu, alisema, ulinzi angalau una sare. Hakuwa na nia mbaya. Anachokiona akipita pale ni mtu aliyejaa unga wa mbao hadi kwenye kope, amesimama mbele ya dude linalonguruma. Nimeandika siku yangu ya Jumanne iliyopita ili yeye na wengine waone kilichomo ndani ya dude hilo.

Saa 11 alfajiri. Naamka Mbagala, naoga, chai ya rangi na mihogo ya jana, daladala.

Saa 1 asubuhi. Karakana yetu ina mashine tatu: sakula ya kupasulia (msumeno wa duara), randa, na bendiso, yaani msumeno wa mkanda. Mafundi wengi wa makochi na vitanda hawana mashine zao. Wanachora mkono wa kochi kwenye mbao, wanatuletea, tunawakatia kwa kipande. Anayekata kona zote za mviringo ni mimi. Kama hujawahi kuiona bendiso, kumbuka ile mashine ya buchani inayokata mifupa ya ng'ombe, ni ukoo mmoja. Kuna gurudumu juu, gurudumu chini, na bledi, yaani mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka juu yake ukishuka kupitia tundu la meza.

Kabla ya kuwasha natumia karibu nusu saa kuiweka sawa, na hii ndiyo sehemu ambayo mteja haioni. Kila jioni nalegeza bledi ili isivutike usiku kucha na mpira wa magurudumu usipate kovu, kwa hiyo asubuhi nakaza upya. Swichi kuu ikiwa imezimwa, nafungua mlango, nazungusha gurudumu la juu kwa mkono na kutazama bledi inaelekea wapi. Ikitembea mbele itadondoka, ikirudi nyuma itasugua chuma. Nagusa skrubu ya nyuma robo mzunguko, nazungusha tena, robo nyingine, hadi bledi itulie katikati ya mpira mizunguko kumi mfululizo. Kisha beringi. Ile ya nyuma ya bledi naiachia nafasi ya unene wa kadi ya vocha, isiguswe mpaka mbao isukume. Vishikio vya pembeni naviachia nafasi ya karatasi ya daftari, na lazima vikae nyuma ya meno. Vikisogea mbele vikaumana na meno, bledi mpya inakuwa butu kabla hujakata kipande cha tano.

Saidia fundi wangu ni kijana wa miaka 19. Siku zake za mwanzo aliniuliza kwa nini tusiwashe tu. Nikampigia hesabu kwa chaki juu ya meza ya mashine: gurudumu letu lina kipenyo cha sentimita 60 na linazunguka mara 700 kwa dakika. Basi kila jino linapita mbele ya kidole chako kwa mita 22 kwa sekunde. Aliitazama ile namba muda mrefu, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayenikumbusha karatasi ya daftari.

Cha mwisho ni kugusa swichi mara moja na kuachia, nione bledi inakwenda upande gani. Huu ni umeme wa njia tatu. Mtu akigusa nyaya usiku akazirudisha vibaya, mota inazunguka kinyume, na bledi inayopanda badala ya kushuka itainyanyua mbao ikupige usoni.

Saa 2 hadi saa 4. Mikono 14 ya makochi, migongo sita ya viti, vichwa viwili vya vitanda. Kazi nzuri, wateja wanaojua wanachotaka.

Saa 4. Akaja mzee mmoja na bajaji. Amebeba miimo miwili ya mlango, mninga wa zamani, mizito, rangi ya kijani imebanduka. Juu yake boksi lililokatwa umbo la mguu wa meza wenye kiuno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Nataka miguu minne, haraka, fundi wangu ananisubiri."

"Hizi hazina misumari?"

"Nimeng'oa yote mwenyewe, kwa mikono hii."

Sikubishana. Nikachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu nikaipitisha taratibu juu ya mbao, pande zote nne. Ikanasa mahali pawili. Nikachimba kwa patasi, ikatoka misumari miwili yenye kutu. Mzee akatazama saa yake. "Kijana, utakata au utachunguza?" Nikamwonyesha doa jeusi karibu na ncha ya mwimo wa pili. Mbao iliyokaa na chuma miaka mingi mara nyingi hupiga weusi namna ile. Sumaku haikunasa pale, lakini sumaku haifiki mbali ndani ya mbao ya inchi nne. Nikamwomba tukate ile ncha tuitupe. Akakataa: mguu hautatosha urefu. Nikamwambia basi tutafute mbao nyingine kwa huo mguu mmoja. Akakataa tena, sauti ikapanda, mafundi waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuguna nyuma yangu.

Nikakubali kukata. Hapo nilikosea, na nilijua nakosea wakati nainua mbao.

Jambo moja nililisimamia. Mzee alikuwa amesimama upande wa kulia wa mashine, karibu na meza, ili aone mbao zake. Upande ule ndio bledi inaporukia ikikatika. Nikamwambia sikati mpaka ahame. Akalalamika kwamba anatukanwa na mtoto. Saidia akamvutia benchi mbali kule, akakaa. Nikashusha kava ya bledi mpaka ikabaki nafasi ya kidole juu ya mbao, kwa sababu bledi iliyo wazi juu ya mbao haina kazi nyingine zaidi ya kusubiri mkono wa mtu. Mguu wa kwanza ukatoka safi, wa pili, wa tatu. Wa nne nilikuwa nimefika kwenye kiuno.

Paa!

Mlio wa bledi kukatika unaupata tumboni kabla ya masikioni. Nikapiga kitufe chekundu, nikarudi hatua mbili. Mzee akainuka kuja kuchukua mbao yake. "Mzee, usisogee!" Nilipaza sauti kwa mtu wa umri wa baba yangu na sijutii. Mashine yetu haina breki, yale magurudumu ya chuma yanaendelea kuzunguka kama dakika nzima baada ya kuzima, na kipande cha bledi kikiwa kimelegea mle ndani kinaweza kuchomoka wakati wowote. Tukasimama wote tunasikiliza mpaka likanyamaza kabisa. Nikazima swichi kuu ndipo nikafungua mlango.

Msumari haukuwa na kichwa. Ulikuwa vidole vitatu ndani, umekatwa nusu, sehemu iliyokatwa inang'aa kama sarafu mpya. Meno kumi na moja ya bledi yamelala.

Basi ikaanza nani analipa. Mzee anasema amekuja kukatiwa mbao, hakuja kununua misumeno. Mimi nasema nilimwonyesha doa. Yeye anasema fundi anayejua hakubali kukata anachokiogopa. Sentensi ile ilinichoma kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Foleni imefika watu saba, mmoja ameshaondoka na mbao zake kwenda kwa jirani. Na bledi ya akiba iliyokuwepo ni ya upana wa robo inchi, nzuri kwa kona za kubana, lakini ukiiingiza kwenye mninga wa inchi nne inapinda ndani ya mbao na mguu unatoka umepogoka. Ya nusu inchi ilibidi iungwe.

Nikampa saidia kazi ndogo za robo inchi chini ya macho yangu, mimi nikakaa na bledi na fundi wa gesi wa karakana ya pili. Tulikata sehemu yote yenye meno yaliyolala, tukasaga ncha zote mbili kwa mshazari zilaliane kama sentimita moja, tukazibana mgongo ukiwa umenyooka kwenye rula ya chuma. Poda, moto, waya wa fedha, mpaka ukayeyuka na kukimbia wenyewe kwenye kiungo. Ukifika hapo ondoa moto na subiri. Usimwagie maji. Kiungo kilichopozwa kwa maji kinakuwa kigumu kama kigae na kitavunjika kwenye mzunguko wa kwanza. Kisha unasugua kwa tupa, taratibu, mpaka ukipitisha kidole usisikie pale palipoungwa.

Tulipokuwa tunasubiri kipoe nilimsimulia fundi wa gesi kitu alichonifundisha mwalimu wangu. Mwingereza mmoja, William Newberry, alisajili wazo la mashine hii mwaka 1808, lakini haikumfaa mtu kwa miaka mingi kwa sababu bledi zilikuwa zinakatika kwenye kiungo. Ilikuwa karibu miaka 40 baadaye, 1846, ndipo mwanamke wa Ufaransa aitwaye Crépin alipopata njia ya kuunga iliyodumu. Mwalimu wangu alikuwa na vidole vinane. Viwili vilikwenda siku aliyovaa glavu kwenye mashine, meno yakashika kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Mimi ninavyo kumi. Hakuna kitu kwenye kazi hii ninachojivunia zaidi ya hicho.

Mzee alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa ameacha kufoka. Aliniambia ule mlango baba yake aliupachika mwaka 1961, nyumba imebomolewa, na ile meza wataigawana kwa macho tu watoto wote watano. Kama angeniambia asubuhi ningetafuta namna nyingine ya kupanga ile miguu kwenye mbao, kuukwepa weusi.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomaliza mguu wa nne. Baada ya saa 8, maana mama ntilie alikuwa ameshaosha sufuria. Akalipa kukatiwa, bledi hakulipa, akasema Mungu akubariki, akapakia miguu kwenye bajaji.

Mchana uliobaki naukumbuka vipande vipande. Umeme ulikatika mara mbili. Ukikatika nazima swichi papo hapo, kwani mashine yetu inaweza kujiwasha yenyewe umeme ukirudi huku mkono wa mtu uko mezani. Fundi mmoja alitaka kuchomoa mbao nyuma katikati ya kona bledi ikizunguka, nikamshika mkono. Barakoa ilikuwa imelowa jasho, nikataka kuivua, sikuivua. Vumbi la mbao, hasa la miti migumu kama mninga, linawasha kifua, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Miguu ilikuwa inauma kuanzia kwenye nyayo hadi kiunoni. Uchovu ukifika hapo naacha kukata vipande vidogo, vyote naviambia kesho, hata mwenye haraka.

Jioni tukafagia unga kwenye gurudumu la chini, maana ukigandamana pale bledi inaruka. Nikafuta utomvu wa paini kwenye meno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikakagua mabonde ya meno moja baada ya jingine kutafuta ufa. Kiungo chetu cha mchana kilikuwa kimetulia.

Saidia akalegeza bledi. Kisha akachukua kipande cha lile boksi la mzee, akaandika kwa chaki nyekundu IMELEGEZWA, USIWASHE, akakifunga kwa kamba kwenye swichi. Sikuwa nimemwambia. Tukafunga mlango, tukaenda kutafuta daladala.