4K au Full HD: piga hesabu kabla ya kununua runinga

Anza na bando, skrini baadaye. Netflix inapendekeza kasi ya intaneti ya Mbps 15 kwa 4K (pikseli, yaani nukta za picha, 3840 × 2160) na Mbps 5 kwa 1080p, yaani Full HD. Saa moja ya 4K humeza hadi GB 7, ya HD hadi GB 3. Kwa bando la simu, 4K itakufilisi, na Netflix huitoa kwenye kifurushi cha Premium pekee.

Kwa inchi 32 tafuta pikseli 1920 × 1080. Hapa ndipo wengi huumizwa: boksi linasema "HD", au hata "inapokea 4K", kumbe paneli (skrini yenyewe) ni 1366 × 768. Runinga hupokea picha kubwa na kuibana, maandishi madogo ya gemu yanafifia. Dai kuoneshwa pikseli za paneli yenyewe.

Mashine ya gemu ya PS4 ya kawaida hutoa 1080p, hivyo Full HD inaitosha kabisa. Una PS5 na nafasi ya inchi 43 au zaidi? Chukua 4K, mradi tundu la HDMI lipokee 4K kwa Hz 60 (picha 60 kwa sekunde). Kisha washa Game Mode (hali ya gemu) kwenye runinga. Bila hiyo runinga huchakata picha kwanza na kila kitufe unachobonyeza huchelewa kuonekana.