Siku Moja Katika Mafunjo ya Mabamba

Kazi yangu ni kuwapeleka wageni kwa mtumbwi na kupiga picha za ndege katika kinamasi cha Mabamba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, wilayani Wakiso, Uganda. Kinamasi hiki kimo katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2006, lakini majirani zangu bado huiita kazi hii matembezi, ndiyo maana naandika siku hii moja ya Aprili.

Saa kumi na moja alfajiri nakagua betri na kuifunika lenzi dhidi ya mvua za masika. Saa kumi na mbili na nusu tumo majini: nahodha na upondo wake nyuma, mimi mbele, na katikati mzee mmoja kutoka Kampala.

Mbayuwayu wa Ulaya waliochelewa walikuwa wakipita kuelekea kaskazini, ambako majira ya kuchipua yameanza, wakazaliane huko. Chini yao nilimwona mbayuwayu buluu, ambaye safari yake ni kinyume cha yao: huzaliana kusini mwa Afrika, kisha huja kwetu. Yumo hatarini kutoweka, kwa hiyo nilimpiga picha nikaandika saa na mahali, ingawa picha yenyewe haiuziki.

Kabla ya saa tatu tulimkuta korongo-nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, amesimama kando ya mkondo, akimvizia kamongo, samaki anayepanda juu kuvuta hewa. Mzee alipiga picha zake, kisha akachoka kungoja.

“Kijana, piga makofi aruke.”

“Samahani, mzee wangu, huyu hafukuzwi.”

Alinyamaza kidogo, akaanza tena: amelipa, ametoka mbali, na picha ya ndege aliyesimama kila mtu anayo. Nilimweleza kwamba kusimama hivyo kwa saa nyingi ndiko kuwinda kwake, kwamba anayemrusha anampotezea chakula, na kwamba duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu. Nilimweleza pia kwamba zamani wavuvi wa hapa waliamini kumwona ni kukosa samaki, wakawa wanamuua, na leo wako wavuvi wanaoishi kwa kuwaonyesha wageni ndege huyo huyo. Akaguna, akaupiga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja. Nikamshika mkono kwa heshima. Mvua ikatunyeshea, jua likatuchoma, mabega yangu yakafa ganzi chini ya uzito wa lenzi. Hatimaye ndege akajitupa majini kwa mwili mzima, akaibuka na majani matupu mdomoni. Picha ya mzee ilitikisika, na lawama zake zikatufuata hadi gatini. Akija mwingine na ombi hilo, jibu langu litakuwa lile lile.

Mchana ulikwisha kwa furukombe, midiria na wageni wengine wawili wapole.

Usiku, macho yakiwa mazito, nachambua picha na kunakili tarehe: nani ameondoka, nani amefika. Sehemu hii hailipwi na mtu, lakini bila tarehe hizo hatutajua mbayuwayu buluu wakianza kuchelewa au kupungua.