Na Mjomba, kutoka Highbury hadi Craven Cottage

Mjomba alitaka tuanzie Highbury, uwanja wa zamani wa klabu ya Arsenal, ingawa mechi ilikuwa Fulham, upande mwingine kabisa wa London. Tukashuka kituo cha Arsenal, tukakata kona hadi Avenell Road. Ukuta wa mbele wa jukwaa la mashariki, lililojengwa 1936, bado umesimama. Nyuma yake ni nyumba za kuishi. Klabu ilihama 2006, na palipochezewa mpira sasa ni bustani ya wakazi.

Yeye lakini alikuwa anaitafuta North Bank, jukwaa la nyuma ya goli. Alisimama pale tangu ujana wake hadi Mei 2, 1992, Arsenal ilipoifunga Southampton 5-1, Ian Wright akitia matatu. Ndiyo siku ya mwisho watu kusimama pale.

“Hapakuwa na kupanga miezi kabla, mpwa wangu,” akaniambia. Unaamka Jumamosi, unatia sarafu mfukoni, unalipa getini, unaingia. Yeye na wenzake walikutana kwenye kizuizi kile kile cha chuma, na wengine alisimama nao miaka na miaka bila kujua majina yao kamili. Goli likiingia, umati unakusomba ngazi kadhaa chini. Mkitulia, unajikuta umemkumbatia mtu usiyemjua, kisha mnapanda tena kila mmoja mahali pake. Watoto walipitishwa juu ya vichwa hadi mbele ili nao waone.

Hakunificha ubaya wake, na kwa hilo namheshimu. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, na 97 wakapoteza maisha. Ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 kuhusu msiba huo ikataka viti, na kufikia 1994 klabu kubwa zilikuwa zimeondoa majukwaa ya kusimama. Kila shabiki akapata namba ya kiti, bei zikapanda, na kundi la Mjomba likasambaratika. Usalama ulikuwa haki yao tangu mwanzo. Linaloniuma ni kwamba walioishi kwa kusimama pamoja hawakutafutiwa njia nyingine, ilhali tangu Januari 2022 kusimama kumeruhusiwa tena katika baadhi ya viwanja, kila safu ikiwa na reli yake.

Tukapanda treni hadi Putney Bridge, kisha tukaambaa na mto Thames ndani ya Bishop's Park, katikati ya familia zilizovaa skafu nyeupe na nyeusi. Jukwaa la Johnny Haynes pale Craven Cottage, uwanja wa Fulham, ni la 1905, na bado lina viti vya mbao. Mjomba alipitisha kiganja juu ya kiti chake, rangi imelika pembeni, akakikunjua taratibu na kuketi. Tulikuwa tumeingia kwa kuonyesha simu getini, jambo lililomkera, lakini hapo akatabasamu.

Saa tisa kamili mpira ukaanza. Kufikia mapumziko alikuwa ameshazoeana na bwana wa kiti cha jirani, wanabishana kuhusu beki wa kushoto kama watu waliojuana miaka.

Tulipotoka nikamweleza habari za Dortmund, Ujerumani, ambako jukwaa la kusini huchukua karibu watu 25,000, wote wamesimama katika mechi za ligi.

“Wanacheza lini nyumbani?” akauliza.