"I'm afraid" isiyo na woga

Wiki yangu ya kwanza ghalani, hapa Leeds, Uingereza, msimamizi alinijia akasema: "I'm afraid there's a bit of a problem with your shifts", yaani "naogopa kuna tatizo kidogo kwenye zamu zako." Nikamtazama. Jitu zima, kifua kama mlango, linaogopa nini? Kumbe haliogopi kitu. Hiyo ni hodi tu: ukiisikia, jiandae, habari mbaya iko nyuma yake. Na ile "a bit" ilikuwa zamu 3 zimefutwa.

Waingereza hawasemi "umekosea". Husema "there seems to be", kwamba yaelekea kuna tatizo, kana kwamba limeota lenyewe usiku kama uyoga. Halina baba wala mama.

Wenye lugha wenyewe huponzana. Mwaka 1951, vita vya Korea, Brigedia Tom Brodie wa Uingereza alimweleza jenerali wa Kimarekani hali ya Mto Imjin: mambo ni "a bit sticky", yananatanata kidogo. Mmarekani akaelewa kwamba wanamudu. Kumbe Wachina walikuwa wamewazidi vibaya sana. Kikosi cha Gloucestershire kikazingirwa, na wengi waliosalia wakatekwa. Kidogo hiyo!

Jumapili nilimsimulia mama kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. "Wazungu wanazunguka sana," akasema.

Nikamuuliza za nyumbani.

"Salama tu mwanangu, wote hatujambo. Ila ukuta wa jikoni ndio umeanguka."