Makande ya saa saba: hesabu ya chakula cha mchana kwenye sekondari ya kata

Sekondari nyingi za kata pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Chanika, Kivule, Goba au Bunju, ni za kutwa. Mwanafunzi anatoka kwao giza halijaisha, anagombania daladala ambayo konda hamtaki kwa sababu ya nauli yake ndogo, na anarudi jioni. Katikati hapo anakula kipande cha mhogo getini, au hali kitu. Kwa hiyo kikao cha wazazi cha Januari hakikosi ajenda ya chakula, na mipango mingi inayopitishwa siku hiyo huwa imekufa kufikia likizo ya Juni. Lawama huwaangukia wazazi kwamba ni wabishi. Wapo wabishi, ndiyo, lakini ukikagua daftari utakuta mara nyingi hesabu ilikosewa tangu siku ya kwanza.

Tuanze na uhalali, kwa ufupi. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliondoa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka iliyokuwa ikilipwa shule za kutwa. Chakula cha mchana kilibaki kwa mzazi, pamoja na sare na madaftari. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango kwenye shule za umma na kutaka walimu wasiishike. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mkuu wa shule hawezi kusimama mstarini akatangaza bei. Wazazi wakubaliane kikaoni, muhtasari upitie bodi ya shule na mtendaji wa kata hadi halmashauri, na fedha zishikwe na kamati ya wazazi kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa kutolipa. Ukiruka hatua hizi, mzazi mmoja tu akilalamika kwa mkuu wa wilaya, jiko linafungwa.

Sasa hesabu. Chukua shule ya wanafunzi 800 na makande. Kipimo kinachoshibisha kijana ni gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage, zikiwa kavu. Kwa siku ni kilo 120 za mahindi na kilo 40 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo unahitaji tani 23 na ushei za mahindi na karibu tani 8 za maharage. Tuseme, kwa mfano tu, mahindi ni 900 kwa kilo na maharage 2,500. Kwa kila mtoto mahindi ni shilingi 135 na maharage 125. Weka 40 za mafuta, chumvi na vitunguu, 60 za nishati, na 40 za wapishi wanne wanaolipwa 8,000 kwa siku. Jumla ni 400 kwa siku, yaani 2,000 kwa wiki.

Hapo ndipo kikao hupiga makofi na kufungwa, na hapo ndipo kosa lilipo. Hiyo 400 ni kweli tu kama wote 800 watalipa. Wakilipa 560 lakini wote 800 wanakula, gharama ya siku bado ni 320,000, na kila anayelipa anabeba 571. Kamati iliyokusanya 400 itajikuta na upungufu wa 96,000 kila siku. Itakopa mahindi dukani, kisha itapunguza maharage, na wazazi wanaolipa wakisikia makande yamekuwa mahindi matupu nao wataacha. Kuwanyima wasiolipa hakusaidii sana kama watu wanavyodhani: unabaki na watoto 240 wanaochungulia dirishani, na kadi za chakula zinaanza kuuzwa vyooni. Afadhali useme wazi kikaoni kwamba bei imebeba wasio na uwezo, upange 600, na majina ya kaya hizo yatoke kwa wajumbe wa mtaa badala ya kuandikwa na mwalimu wa darasa. Ruhusu pia malipo ya wiki kwa simu. Dereva wa bajaji anaweza kutoa 3,000 kila Jumatatu. Ukimdai muhula mzima kwa mkupuo, anakimbia.

Manunuzi: mahindi huwa nafuu baada ya mavuno, Julai na Agosti, na hupanda Januari hadi Machi, yaani wakati ule ule shule inapofunguliwa. Kamati inayoanza Januari bila akiba inanunua kwa bei mbaya kuliko zote. Nunua kwa kilo, uwe na mzani wako. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, halina uzito unaoeleweka. Kagua ukavu: tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi, yarudishe. Hili si la kupuuza, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Stoo iwe na chaga, magunia yasiguse sakafu wala ukuta.

Jikoni, adui mkubwa wa makande Dar ni maji. Visima vingi vya pembezoni vina maji magumu ya chumvichumvi, na maharage yaliyolowekwa humo yanagoma kuiva hata uchochee hadi saa nane. Tenga maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kwa ajili ya kulowekea na kupikia; ya kisima yaoshe sahani. Mahindi yawe yamekobolewa na yalowekwe usiku kucha, maharage chombo chake. Mahindi yatangulie jikoni, maharage yafuate. Kilo 160 kavu zikiiva hukaribia lita 500, kwa hiyo sufuria tatu za lita 200 zinatosha bila kufurika. Kulowekwa huko pia ndiko kunakopunguza nishati, jambo lenye uzito sasa ambapo serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Makande kwa gesi bila kulowekwa yatakula mtungi na akiba yote ya kamati.

Mwisho ni foleni, ambayo hakuna anayeipanga. Mpakuaji mmoja huhudumia kama watoto sita kwa dakika. Kwa dirisha moja, 800 wanahitaji zaidi ya saa mbili, na mapumziko ni dakika 40. Weka sehemu nne za kupakulia zilizoachana, kidato kimoja kila sehemu, kila mtoto na sahani yake kutoka nyumbani. Kama mnatafuta wapishi, anzeni na mama ntilie wa pale getini: wanajua kupikia wengi, ndio watakaopoteza wateja, na kinachotakiwa ni wapimwe afya kila miezi sita.