Kiti cha plastiki kwenye theluji

Jamani Chicago hii mniache tu. Winta yangu ya kwanza hapa nimetoka asubuhi nakuta kiti cha plastiki kimekaa peke yake barabarani katikati ya theluji, mi nikajua mtu kasahau, nikashuka nikitoe nipaki gari, mara mzee wa jirani huyo kanipigia kelele toka dirishani we kijana acha hicho kiti! Kumbe ukishapiga koleo theluji mwenyewe ile nafasi ni yako, unaweka kiti, ndoo, hata meza mbovu, wenyewe wanaita dibs. Kisheria hairuhusiwi wala nini ila ole wako uguse 😂

Watu wakisikia Chicago wanawaza Michael Jordan wa basketi na maghorofa, sawa, ila mi naona mji ndo hivi vitu, treni ya L inayopita juu ya vichwa vyenu mpaka mnakatisha stori, mto waliougeuza utiririke kinyume mwaka 1900 usipeleke uchafu kwenye ziwa Michigan wanakochota maji ya kunywa, yaani mto mzima! Na hotdogi usiombe tomato sosi, mi niliomba, muuzaji kaniangalia kama nimemtukania mama yake.