Siku moja chini ya kihenge cha vigong'ota

Saa moja kasoro asubuhi nimeshakunywa chai na kupanda mlima. Ni Oktoba katika hifadhi ya Hastings, bonde la Carmel, California. Vigong'ota wa hapa wanafuatiliwa na watafiti tangu 1968. Mimi ni mgeni tu katika kazi hiyo.

Saa moja na robo jua linatoka na kelele zinaanza: waka, waka, waka! Ukoo mzima unatoka tunduni. Nawatambua kwa pete za rangi walizovishwa miguuni. Ndani yake wamo wazazi, na watoto wakubwa wasiohama, wanaosaidia kulea wadogo zao.

Saa mbili mavuno yanapamba moto. Kila ndege anarudi na tunda moja la mwaloni mdomoni, analipachika kwenye gome la mti wao wa akiba. Mti mmoja huweza kuwa na matundu hadi 50,000, yaliyotobolewa na vizazi kwa vizazi. Bibi yangu kule Kongwa alikuwa na kihenge cha mtama, na aliye na kihenge hakosi mlinzi. Hawa nao hawaachi mti wao peke yake.

Saa nne nimekaza darubini kwa jike mmoja, pete nyekundu juu ya nyeupe. Anajaribu tundu la kwanza: pana. La pili: dogo. La tano ndilo, analigongomea tunda mpaka likaze kabisa. Likilegea, kindi atalichomoa bila shida.

Saa saba joto kali. Mvunaji angepumzika, lakini jike wangu anakagua. Matunda yakikauka husinyaa, kwa hiyo anayang'oa yaliyolegea na kuyahamishia kwenye matundu madogo. Kwa dakika 40 amehamisha kumi na moja. Naamini hii ndiyo kazi kubwa kuliko kuvuna, na ndiyo isiyoonekana.

Saa tisa kindi anapanda. Wanne wanamshukia kwa pamoja, anateremka mbio.

Saa kumi na mbili na nusu jioni wanaingia kulala. Nahesabu: sita. Jana walikuwa saba. Dume mzazi, pete ya njano, sijamwona tangu saa nane. Kama amekufa, ndege wa koo nyingine watakuja kupigania nafasi yake, tena kwa siku kadhaa. Nabaki mpaka giza linaingia. Tundu limenyamaza. Kesho nitawahi zaidi.